Pai ya Mchungaji Isiyo na Nyama: Mwongozo kwa Mpishi wa Nyumbani

Mtu anayekula mimea pekee, ambaye Waingereza humwita vegani, hali nyama, samaki, mayai, maziwa, siagi wala asali. Kama unaishi Uingereza, unaye kazini, unaye kwa majirani, na huenda unaye mezani kwako mwenyewe kwa sababu kijana amerudi likizo kutoka chuoni na msimamo mpya. Kama unaendesha nyumba ya wageni Jambiani au Moshi, anafika na sanduku lake na kukuuliza jioni kuna nini. Mara nyingi mgeni huyu huishia kupewa chipsi na kachumbari. Anashukuru kwa adabu, lakini hajashiba, na mpishi anajua hajashiba.

Mwongozo huu unakufundisha chakula kimoja tu, hatua kwa hatua, mpaka ukiweze: pai ya mchungaji, ile ambayo kwenye menyu za Uingereza huandikwa Shepherd's Pie. Ni nyama iliyosagwa ndani ya rojo zito la kahawia, imefunikwa kwa viazi vilivyopondwa, kisha ikaokwa mpaka juu iwe na rangi. Ni chakula cha baridi na mvua, cha watu waliochoka, cha watoto na wazee. Kilitokana na kuyatumia vizuri makombo ya nyama. Jina Cottage Pie limekuwepo kwenye maandishi tangu 1791, wakati viazi vilipokuwa vimeshaenea kama chakula cha watu wa kawaida, na Shepherd's Pie likafuata katikati ya karne ya 19. Leo Waingereza wengi hutofautisha hivi: ikiwa na nyama ya kondoo ni pai ya mchungaji, ikiwa ya ng'ombe ni Cottage Pie. Yetu haitakuwa na yoyote kati ya hizo, na bado itakuwa pai kamili.

Kwa nini pai nyingi zisizo na nyama hazina ladha

Waingereza wenyewe waliwahi kula pai isiyo na nyama kwa lazima. Vita Kuu ya Pili ilipoleta mgao wa chakula mwaka 1940, Waziri wa Chakula, Lord Woolton, aliwahimiza wananchi wale zaidi mboga zilizolimwa nchini. Mpishi mkuu wa hoteli ya Savoy jijini London, Francis Latry, akabuni pai ya koliflawa, viazi, karoti na mboga nyingine za mizizi, nayo ikapewa jina la waziri: Woolton Pie. Watu waliila kwa kuwa vita ni vita, lakini haikupendwa, na wengi waliiacha mara nyama ilipopatikana tena. Mgao wa nyama ulimalizika mwaka 1954.

Ukiyasoma mapishi yale unaiona sababu mara moja. Mboga zilikatwa, zikachemshwa pamoja na oti na maji kidogo, zikamiminwa kwenye bakuli, zikafunikwa. Hakuna kilichokaangwa mpaka kikapata rangi. Na hilo ndilo kosa linalorudiwa leo katika jikoni nyingi: mpishi anaitoa nyama, anatia mboga mahali pake, anachemsha, halafu anashangaa kwa nini pai imepooza.

Mwaka 1944, mgao ukiwa bado unaendelea, mwalimu wa useremala mjini Leicester aitwaye Donald Watson na wenzake wachache walianzisha Vegan Society. Kwa hiyo upishi wa namna hii una miaka zaidi ya 80, na mengi yameshajulikana. Kubwa kuliko yote ni hili: usihangaike kutafuta kitu kinachofanana na nyama. Jiulize nyama ilikuwa inafanya kazi gani ndani ya sufuria, halafu kila kazi uipe mtu wake.

Kazi nne za nyama, na nani azifanye

*Rangi na ladha ya kukaangwa.* Nyama ikigusa chuma cha moto hugeuka kahawia na kutoa harufu ile tunayoijua sote. Badiliko hilo hushika kasi kwenye joto la nyuzi 140 hivi na kuendelea. Maji huchemka kwa nyuzi 100 na hayapandi zaidi ya hapo kwenye sufuria ya kawaida. Maana yake ni kwamba chombo chenye maji hakiwezi kukaanga, hata ukikipa moto wote ulio nao. Kazi hii tutaipa uyoga na vitunguu, na tutahakikisha maji yametoka kwanza.

*Utamu wa mchuzi.* Mwaka 1908 mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aligundua kwamba ladha nzito ya mchuzi wa mwani inatokana na glutamati. Nyama inayo. Uyoga, nyanya zilizokaangwa sana, sosi ya soya na Marmite vinayo pia. Marmite, kile kitu cheusi cha kupakaza chenye chumvi kinachotengenezwa kwa hamira iliyobaki kwenye kiwanda cha bia, imekuwa jikoni mwa Waingereza tangu 1902, na kijiko kimoja cha chai kinaibadilisha sufuria nzima. Msomaji asiyetaka kitu kilichotokana na bia aiache, aongeze uyoga uliokaushwa uliolowekwa kwenye maji ya moto, pamoja na maji yake.

*Kitu cha kutafuna.* Hapa adesi ndizo bora. Ni zile punje ndogo bapa ambazo Kenya huitwa kamande. Tafuta za kijani au kahawia, zenye ganda lake, kwa sababu hushika umbo. Usizichanganye na choroko, ambazo hulainika na kuwa uji. Zile nyekundu zilizoparazwa nazo huyeyuka kabisa; konzi moja inafaa kuzidisha uzito wa rojo, lakini si za kujaza pai. Ukizikosa adesi kabisa, kunde zilizochemshwa zikaiva bila kupasuka zinafanya kazi nzuri.

*Mafuta.* Nyama ya kondoo huleta mafuta yake, na mafuta ndiyo yanayobeba harufu za viungo. Mboga hazina. Kwa hiyo usiogope kipimo cha mafuta nilichoandika hapa chini, wala usikipunguze mara ya kwanza.

Unachohitaji, kwa watu 6

Kwa ndani:
- adesi za kijani au kahawia, gramu 250
- uyoga, gramu 400
- vitunguu maji 2 vikubwa
- karoti 3 za wastani
- mabua 2 ya selari
- punje 3 za kitunguu saumu
- nyanya ya kopo, ile nzito, vijiko 2 vya mezani
- unga wa ngano, vijiko 2 vya mezani
- supu ya mboga, mililita 500
- sosi ya soya, vijiko 2 vya mezani
- Marmite, kijiko 1 cha chai
- haradali, kijiko 1 cha chai
- siki, kijiko 1 cha chai
- kijiti kimoja cha rozimeri, majani yake yakatwe madogo
- njegere, gramu 150
- mafuta ya kupikia, vijiko 5 vya mezani
- chumvi na pilipili manga

Kwa juu:
- viazi mviringo, kilo 1.2
- majarini isiyo na maziwa, gramu 70 (au mafuta ya zeituni, vijiko 5 vya mezani)
- maziwa ya soya yasiyo na sukari, mililita 120
- kungumanga ya kukwaruza, kidogo sana
- chumvi

Bakuli la kuokea liwe na ukubwa wa sentimita 30 kwa 20 hivi, na kina cha vidole vitatu.

Kuhusu viazi: vinahitajika vile vyenye unga mwingi, ambavyo vikichemshwa hupasuka ngozi na kumong'onyoka. Uingereza omba Maris Piper au King Edward. Kenya, Shangi vinafaa na huiva haraka. Sokoni Tanzania, muulize muuzaji vipi vinamong'onyoka, yeye anajua. Viazi vidogo vigumu vya saladi viache, maana haviwi laini vikipondwa.

Kabla hujawasha jiko: soma vifurushi

Makosa makubwa hutokea dukani. Bidhaa inaweza kuonekana ni ya mimea kumbe ina kitu cha mnyama ndani yake. Kagua haya:

- *Sosi ya Worcestershire.* Waingereza huitia kwenye pai hii kwa mazoea. Ile ya asili ya Lea & Perrins ina dagaa wa anchovi. Mbadala mzuri ni Henderson's Relish ya Sheffield, ambayo haina samaki, au ongeza tu siki na sosi ya soya.
- *Majarini.* Nyingi zina maziwa ya unga au maji ya maziwa yaliyogandishwa. Usidhani, soma.
- *Vidonge vya supu.* Vya ng'ombe na kuku viache. Hata vya mboga vingine vina maziwa ya unga.
- *Maziwa ya soya.* Hakikisha yameandikwa hayana sukari, na hayana vanila. Viazi vilivyopondwa na maziwa ya vanila havina tiba.
- *Mvinyo.* Ukipenda kutia kidogo, fahamu kwamba baadhi husafishwa kwa utando wa samaki au ute wa yai. Mimi sioni haja. Pai inasimama bila mvinyo.

Tui la nazi litakujia akilini, hasa kama umekulia pwani. Katika mchuzi wa samaki au maharage halina mpinzani. Ndani ya viazi hivi linatawala kila kitu, na mgeni wako atakula chakula kizuri ambacho si pai ya mchungaji. Vivyo hivyo binzari na garamu masala. Kungumanga na pilipili manga ndivyo viungo vinavyokaa vizuri hapa, pamoja na rozimeri.

Namna ya kupika

Tenga saa mbili hivi. Adesi na viazi vinaweza kuchemka huku unakaanga, kwa hiyo jiko la mafiga mawili linatosha ukijipanga.

1. Chemsha adesi. Chagua mawe, osha, tia kwenye sufuria na maji baridi yanayozifunika kwa vidole viwili. Zikishachemka punguza moto, ziache dakika 20 hadi 25. Minya moja kati ya vidole: ivunjike bila kukataa, lakini isiwe uji. Chuja, na maji yake yahifadhi, utayachanganya kwenye supu. Usitie nyanya wala siki katika hatua hii. Vitu vichachu huzuia adesi kuiva, na utasubiri bila mafanikio.

2. Kaanga uyoga peke yake. Hii ndiyo hatua inayoamua pai yako, kwa hiyo usiiharakishe. Katakata uyoga kwa kisu mpaka uwe vipande vidogo vya ukubwa wa punje za mahindi, visivyolingana sana. Weka kikaango kipana motoni, moto mkali, tia vijiko viwili vya mafuta. Uyoga uenee kwa tabaka moja. Ukijaa, gawa mara mbili. Usitie chumvi kwanza, kwani chumvi huvuta maji nje yote kwa wakati mmoja.

   Sasa sikiliza. Mwanzoni mafuta yanalia, kisha uyoga unayanywa na kikaango kinakauka. Usiongeze mafuta. Baada ya dakika mbili tatu maji yanaanza kutoka, mlio unakuwa wa kuchemka, mvuke mwingi unapanda na uyoga unanywea. Sehemu kubwa ya uzito wa uyoga ni maji, karibu asilimia 90, kwa hiyo yatakuwa mengi. Wapishi wengi huishia hapa wakidhani umeiva. Endelea. Maji yakikauka, mlio unarudi kuwa mkali na mwembamba, na harufu inabadilika kutoka ya udongo kuwa ya kitu cha kuchoma. Hapo acha kukoroga kwa dakika nzima, geuza mara moja, acha tena. Vipande viwe vya kahawia iliyoiva, kingo zikianza kukakamaa. Hesabu dakika 12 hivi kwa jumla. Nyunyiza chumvi kidogo, pakua pembeni.

3. Kaanga vitunguu, karoti na selari. Vyote vikatwe vidogo. Kwenye sufuria nzito, mafuta yaliyobaki (bakiza kidogo ya kupaka juu), moto wa wastani, dakika 12 hadi 15. Vitunguu vipate rangi ya dhahabu, si kulainika tu. Tia kitunguu saumu na rozimeri, dakika moja.

4. Kaanga nyanya ya kopo. Itie katikati ya sufuria, ikaange mpaka iache wekundu wa kopo na kuwa na rangi ya tofali, na mafuta yaanze kujitenga. Mpishi wa Kiswahili hahitaji kufundishwa hili. Ni ile ile tunayoifanya kwenye mchuzi. Nyunyiza unga, koroga dakika moja.

5. Tia supu kidogo kidogo, ukikoroga ili unga usifanye madonge. Tia sosi ya soya, Marmite na haradali. Chini ya sufuria patakuwa pamegandia vitu vya kahawia. Vikwangue kwa mwiko viyeyuke, ndimo utamu ulimo.

6. Rudisha uyoga na adesi. Pika bila kufunika, moto mdogo, dakika 10. Njegere ziingie dakika mbili za mwisho. Pima uzito hivi: pitisha mwiko chini ya sufuria. Njia ikibaki wazi kwa muda kabla rojo halijarudi, liko tayari. Likirudi mara moja kama maji, endelea kupika. Tia siki, onja, ndipo uongeze chumvi ikihitajika. Soya na Marmite zina chumvi nyingi tayari.

7. Mimina kwenye bakuli, sawazisha, acha ipoe dakika 20. Viazi vya moto vikiwekwa juu ya rojo la moto huzama. Rojo lililopoa huunda utando unaovibeba.

8. Andaa viazi. Menya, kata vipande vinavyolingana, weka kwenye maji *baridi* yenye chumvi, ndipo uwashe moto. Vikianzia kwenye maji ya moto, nje hulainika na kumomonyoka kabla ndani hakujaiva. Vikiiva, chuja vizuri, virudishe kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo sana kwa dakika mbili tatu, ukiitikisa, mpaka mvuke upungue na viazi vionekane na vumbi jeupe. Maji unayoyatoa hapa ni maji ambayo hayataingia kwenye pai.

   Ponda kwa mkono. Usitumie blenda wala mashine yenye kisu. Ndani ya kiazi mna wanga uliofungwa katika chembe zake. Kisu kinachozunguka kwa kasi huzipasua chembe hizo, wanga unamwagika, na unapata gundi inayonata kwenye meno. Tia majarini kwanza, ichanganyike, kisha maziwa ya soya yaliyopashwa moto, kidogo kidogo. Mafuta yakitangulia huuzingira wanga, na viazi hubaki vyepesi. Kwaruza kungumanga, onja chumvi. Viwe vigumu kuliko viazi vya kula hivi hivi, maana vitafyonza rojo ndani ya oveni.

9. Funika pai. Anza kuweka viazi pembeni kuzunguka bakuli lote, uvibandike kwenye ukingo, kisha ujaze katikati. Ukianzia katikati unalisukuma rojo nje. Pitisha uma juu uchore mistari yenye matuta. Matuta ndiyo yatakayokakamaa. Paka mafuta kidogo kwa brashi au nyuma ya kijiko.

10. Oka kwa nyuzi 200 (180 kama oveni ina feni), dakika 30, karibu na juu ya oveni. Weka trei chini, kwa kuwa rojo hutokeza pembeni. Iko tayari rojo likitokota kwenye kingo na matuta yakiwa ya kahawia. Itoe, iache dakika 10 kabla ya kukata, la sivyo itasambaa sahanini.

Iandae na kabichi iliyokaangwa kidogo, au maharage mabichi. Haihitaji wali wala mkate.

Kama huna oveni

Jiko la mkaa linaoka pai hii vizuri sana, kwa ujuzi ule ule wa moto juu na chini unaotumika kwa mkate wa kumimina. Panga pai ndani ya sufuria nzito yenye mfuniko bapa wa chuma, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya viazi na mfuniko. Chini acha makaa machache yaliyofifia, juu ya mfuniko palia makaa mengi yaliyoshika. Chini kukizidi moto, rojo lenye unga litaungua na pai nzima itanuka moshi. Fungua baada ya dakika 20, tazama rangi.

Mwenye jiko la gesi tu afanye hivi: weka rojo la moto kwenye bakuli la kupakulia. Kwenye kikaango chenye mafuta, tandaza viazi vilivyopondwa unene wa kidole, viache bila kugusa mpaka chini viwe na ganda la dhahabu. Funika kikaango kwa sahani, pindua viazi viangukie juu yake, ganda likiwa juu, halafu vitelezeshe taratibu juu ya rojo. Vikivunjika, panga vipande kwa mkono, ladha haibadiliki.

Ikikuharibikia

- *Ina maji.* Uyoga ulitolewa mapema, au rojo halikupikwa bila mfuniko. Kabla ya kuoka unaweza kuliokoa: ponda konzi mbili za adesi kwa uma, zirudishe, pika dakika tano.
- *Imepooza.* Usikimbilie viungo vipya. Tia nusu kijiko cha chai cha siki, koroga, onja. Kama bado, sosi ya soya kidogo. Mara nyingi kinachokosekana ni uchachu.
- *Viazi vinanata.* Havirudi. Vitumie vivyo hivyo, lakini uvitandaze vyembamba na uoke muda mrefu zaidi ili ganda liwe nene.
- *Juu hapana rangi.* Washa moto wa juu wa oveni dakika tatu, na usiondoke mbele yake.
- *Adesi ni ngumu.* Pengine zimekaa dukani muda mrefu. Ziongezee muda kwenye maji peke yake. Zikishaingia kwenye rojo lenye nyanya hazitalainika tena kwa urahisi.

Onyo moja la usalama: ukitumia maharage mekundu ya kukauka badala ya adesi, yaloweke usiku, mwaga maji yake, kisha yachemshe kwa moto mkali angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto mpaka yaive. Maharage mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika, na joto la chini la sufuria za umeme za kupika polepole haliiondoi. Ya kopo yameshapikwa, hayana shida hiyo.

Ukipikia wageni au wateja

Chakula cha mimea pekee si lazima kiwe salama kwa mwenye mzio. Sheria ya Uingereza inataja vizio 14 ambavyo muuza chakula lazima avitaje, na pai hii kama nilivyoiandika ina vinne: nafaka zenye gluteni (unga, Marmite, na sosi nyingi za soya), soya, selari na haradali. Muulize mgeni kabla, si baada. Namna ya kuviondoa:

- Gluteni: tumia wanga wa mahindi kijiko kimoja uliokorogwa kwa maji baridi badala ya unga, acha Marmite, na tafuta sosi ya soya iliyotengenezwa bila ngano.
- Soya: tumia maziwa ya oti na majarini isiyo na soya, na badala ya sosi ya soya ongeza uyoga uliokaushwa na chumvi. Asiyekula gluteni naye, mpe oti iliyothibitishwa haina gluteni.
- Selari na haradali: ziache tu, na ukague kidonge cha supu na Marmite, kwani selari hujificha humo.

Tumia pia ubao na kisu safi. Mwiko uliotoka kwenye mchuzi wa kuku usiingie kwenye sufuria hii hata mara moja. Kwa mgeni wako hilo ni suala la imani na dhamiri, na anakutegemea wewe usiyeonekana jikoni.

Kama anayekula ni mwanao, na ameamua kuishi hivi siku zote, pai ya adesi inampa protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi za kutosha. Kisichopatikana kwa uhakika kwenye mimea ni vitamini B12. Marmite huongezewa, baadhi ya maziwa ya soya pia, lakini asitegemee bahati: ale vyakula vilivyoongezewa kila siku, au ameze kidonge, na amwone mhudumu wa afya akiwa mjamzito au ananyonyesha.

Kuhifadhi

Ikibaki, ipooze na uiweke kwenye friji ndani ya saa mbili. Inakaa siku mbili, na siku ya pili rojo limekolea zaidi. Ukiipasha, ipashe mpaka mvuke utoke katikati, si pembeni tu, na usiipashe zaidi ya mara moja.

Kwa shughuli kubwa, ipange jioni bila kuioka, ifunike, iweke kwenye friji. Kesho ioke dakika 45 kwa sababu inaanza ikiwa baridi. Kwenye friza inakaa hadi miezi mitatu. Itoe usiku wa kuamkia siku ya kuila, iyeyuke ndani ya friji, na kwa dakika 20 za mwanzo ndani ya oveni ifunike kwa karatasi ya alumini ili juu pasiungue kabla katikati hapajapata moto.